Usisaini Kitu, Mjomba

Siku Mjomba Orval alipotolewa nyumbani kwake, alinipa sanduku la mkate nimshikie.

Lilikuwa sanduku la bati la rangi ya krimu, lenye maua mekundu yaliyochubuka kwenye kifuniko. Marehemu mkewe, Wilma, alikuwa akiweka mikate yake humo. Aliniwekea mikononi pale uani, baridi ya Machi ikitukata masikio, mbele ya naibu wa sherifu na wanaume wawili waliokuja kubeba vyombo, akasema kwa sauti ya mtu ambaye msaada wake umefika, "Afadhali umekuja, Rhonda. Wewe karatasi unazijua. Humu lazima imo moja inayosema nyumba ni yangu. Hebu itafute, mwanangu, mimi niongee na huyu bwana."

Sikuwa nimekuja kumsaidia. Nilikuwa nimekuja na kitasa kipya cha mlango wake, kiko kwenye kiti cha gari langu, bado kimo ndani ya boksi lake.

Orval Tincher hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa jirani. Mama yangu alifanya kazi za zamu kiwandani, na zamu ya jioni ilipomwangukia, mimi nilikula kwa Wilma na kufanya hesabu za shule kwenye meza yake. Orval alikuwa mchonga mawe. Upande wetu huu wa kusini mwa Indiana ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la chokaa, na wanaume wa mji wetu waliishi kwa jiwe hilo mpaka kampuni zilipofunga machimbo na kuondoka. Ngazi tatu za mbele ya nyumba yake alizichonga mwenyewe, na nilipokuwa na miaka tisa alinishikisha tindo na nyundo, akanisimamia huku nikichonga herufi ya kwanza ya jina langu pembeni mwa ngazi ya juu. R yangu ilitoka imepinda mguu. Aliisifu wiki nzima.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba nilijua ninamfanyia nani.

Maxine Stroud alinichukua kazini mwaka tisini na tatu, mume wangu alipokwisha kuniacha na malipo ya gari na hamu ya kulala mchana. Maxine alikuwa na umri wa mama yangu, mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo, na alinunua kodi za watu. Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Mtu asipolipa kodi ya nyumba yake, serikali ya kaunti haikai kumsubiri. Inalipeleka deni mnadani. Wewe unamlipia, unapewa cheti. Hapo mwenye nyumba ana mwaka mmoja wa kukurudishia chako na faida juu yake. Akikurudishia, umepata faida. Mwaka ukimpita, unakwenda na cheti chako kwa jaji na unatoka na nyumba.

Hiyo ni Indiana. Majimbo mengine yana tabia zao, na tulizungukia mengi kwa gari lake jeupe, tukila mayai ya kukaanga kwenye mikahawa ya barabarani na kulala chumba kimoja ili kubana matumizi. Florida tulipata riba na kuchomwa na jua. Iowa tulikaa siku mbili ukumbini na wakulima wenye kofia, tukarudi na vyeti vitatu vya viwanja ambavyo hata ng'ombe asingevitaka. Tennessee Maxine alinunua nyumba nzima bila kuiona, na tulipofika tukakuta imebaki dohani na choo. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Hakuwa mtu wa kisirani, hilo nampa.

Lakini palipomtajirisha ni nyumbani kwetu, na mimi ndiye niliyempa njia.

Sheria ilimtaka mnunuzi amwonye mwenye nyumba kabla mwaka haujaisha. Amtumie barua ya kusaini, ile ambayo mtu wa posta haiachi mpaka umeandika jina lako kwenye kadi yake. Sasa, watu wa miji ya machimbo walikuwa na ugonjwa mmoja. Kazi zilipokwisha, waliandamwa na hospitali, wenye maduka ya fanicha, wakopeshaji wa magari, na wote hao walituma barua za kusaini. Basi mji mzima ukajifunza kutosaini. Hujasaini, haijakufika. Watu waliamini hivyo kama walivyoamini ubatizo. Mimi mwenyewe utotoni niliwahi kulala chini nyuma ya kochi, mkono wa mama yangu mdomoni mwangu, huku mtu wa posta akigonga na kuita jina letu.

Nilimsimulia Maxine siku moja tukiwa garini, kwa kumchekesha tu. Hakucheka. Alisimamisha gari pembeni mwa barabara.

"Ngoja kwanza," alisema. "Yaani wanaikataa wenyewe?"

"Wanaikataa na kujisifu."

"Rhonda, sheria haisemi lazima aipokee. Inasema lazima itumwe." Akanitazama kama mtu aliyeokota pete njiani. "Wewe mtoto umekaa na hela mdomoni miaka yote hii."

Tangu siku hiyo Indiana tulinunua kwenye miji ya machimbo tu. Bahasha zilizorudi na mhuri wa posta tuliziweka kabatini, zimefungwa vilevile, kwa sababu jaji alipenda kuziona. Katika miaka minne tulipata nyumba kumi na moja, na katika hizo kumi na moja ni watu wawili tu waliojua jambo lolote kabla hatujabisha hodi.

Agosti ya mwaka tisini na saba orodha ya mnada ilitoka gazetini. Niliipitia kwa kalamu nyekundu, na nilipofika herufi ya T nikaona: Tincher, Wilma J.

Wilma alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akilipa kila kitu, na nyumba ilikuwa imeandikwa jina lake, na Orval alipoona barua zenye jina la mkewe hakuweza kuzifungua. Alizitia kwenye sanduku la mkate. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba jina lipo pale, na kwamba asiponunua Maxine atanunua mtu wa Indianapolis asiyemjua Orval hata kwa sura.

Nilijiambia namkinga. Kweli kabisa nilijiambia hivyo. Nitanunua mimi, nitakwenda kumweleza, atanilipa dola zangu elfu moja na mia nane na kidogo cha juu, mambo yatakwisha. Hela alikuwa nazo. Pensheni ya machimbo ilimjia kila mwezi na hakuwa na pa kuipeleka. Nilimwomba Maxine tuingie nusu kwa nusu, mara yangu ya kwanza kuwa na fungu langu, akakubali kwa kunipa mkono na kuninunulia pai ya tufaha. Tulinunua kwa jina la kampuni tuliyoiandikisha sisi wawili, Redbud. Maxine aliipa jina la ule mti wa maua ya waridi unaoota kwenye ua wa kila nyumba kwetu, kwa sababu alisema hakuna anayeuogopa.

Kumweleza nikaahirisha mpaka baada ya sikukuu ya shukrani, kisha mpaka baada ya Krismasi. Aprili akaja bwana mmoja wa kampuni ya mafuta, na ramani mkononi. Barabara kuu ilikuwa inakwenda kupanuliwa, na kona ya Orval ndiyo waliyoitaka kwa kituo chao. Alituahidi dola elfu tisini, mara tu tukiwa na hati ya nyumba mkononi.

Nusu ya elfu tisini. Nilifurahi. Nataka kulisema hili wazi kwa sababu watu wakisimulia mambo yao ya namna hii hupenda kuweka mateso mapema. Sikuteseka. Nilienda bafuni kazini, nikafunga mlango, nikajicheka kwenye kioo.

Barua ya kwanza niliichapa mwenyewe. Ilirudi. Ya pili niliituma mwanzoni mwa Agosti, na mwisho wa mwaka wake ulikuwa tarehe tisa Septemba, saa kumi jioni, ofisi ya mhasibu wa kaunti ikifungwa.

Jumapili moja ya katikati ya Agosti nilikwenda kwake. Mpaka leo nikijiuliza nilifuata nini, napata majibu mawili, na moja linanifaa zaidi ya jingine.

Alikuwa kibarazani, anakata nyanya za bustani yake. Alinitengenezea sandwichi bila kuniuliza, mkate mweupe, mayonezi, nyanya nene, chumvi, namna Wilma alivyokuwa akinitengenezea. Akanimiminia chai ya barafu. Tukakaa tukisikiliza nyenje wa mitini.

"Juzi kaja Gene wa posta," alisema, "na ile ya kusaini. Nikamwambia, Gene, irudishe ilikotoka. Ananicheka. Eti, 'Mzee, hii ya pili sasa, kuna mtu kakupenda.'"

"Imetoka kwa nani?"

"Redbud sijui nini. Nikamwambia mimi redbud ninao pale nyuma ya banda, miaka thelathini haujanidai hata senti." Alicheka mwenyewe mpaka kikohozi cha machimbo kikamkamata. Alipopata pumzi, uso wake ulikuwa umebadilika. Aliweka kisu juu ya ubao.

"Sema kweli, Rhonda. Wewe unashinda na karatasi. Gene anasema wanaiweka pale posta siku kumi na tano. Niende nikaichukue? Maana kuna kitu kinanisumbua. Haya mambo alikuwa anayajua Wilma, mimi nilikuwa naleta hela tu. Kama kuna mtu namdai au ananidai, hela ninazo. Naishi kwa nyanya mimi, nitazifanyia nini?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa mkate wake. Nilitafuna. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kutafuna, kumeza na kunywa chai, na yeye alinisubiri kwa adabu, mikono juu ya magoti, ile mikono yenye kucha zilizokatika. Hakukuwa na mtu mwingine barazani. Maxine hakuwepo kunikonyeza. Hakuna aliyenishika ulimi.

"Usisaini kitu, Mjomba," nilisema.

Alishusha pumzi. Mabega yake yalishuka nayo, nikaona jinsi alivyokuwa na wasiwasi kumbe, siku zote hizo, peke yake.

"Ndivyo Wilma angesema," alisema. "Ndivyo hasa."

Akanijazia mfuko wa nyanya. Nilizila wiki ile yote, asubuhi na jioni. Zilikuwa tamu.

Tarehe tisa Septemba tulikaa ofisini mimi na Maxine, hatufanyi kazi, tunatazama saa ya ukutani. Maxine alikuwa akifuma. Saa tisa na nusu simu ikalia, na aliyekuwa upande wa pili ni Orval.

"Nyanya za mwisho hizi," alisema. "Unapita leo, au niwape watu wa kanisani?"

Kutoka kwake mpaka ofisi ya kaunti ni dakika kumi kwa lile pikapu lake. Angeweza kubeba hela mfukoni, akalipa, akarudi kumalizia bustani kabla jua halijashuka.

"Wape kanisa, Mjomba," nilisema. "Leo nimebanwa."

Maxine aliinua macho kutoka kwenye ufumaji wake. Alinitazama kidogo, kisha akahesabu vishono vyake upya. Hakuwahi kuniuliza lolote kuhusu simu ile, na nadhani tangu siku hiyo alianza kuniogopa kidogo.

Kwa jaji tulitumia dakika sita. Aliuliza kama mwenye nyumba alionywa. Maxine aliweka bahasha mbili mezani, zimefungwa, zina mihuri. Jaji alizigeuza, akasema, "Hawa watu hawajisaidii," akasaini.

Notisi ya kuhama iligongomelewa mlangoni kwake Februari. Aliibandua akaitia kwenye sanduku la mkate.

Basi nikawa nimesimama uani na sanduku lile mikononi, Machi ileile. Nilifungua kifuniko kwa sababu alikuwa ananitazama. Zilikuwemo bahasha za kodi za miaka minne, zote kwa jina la Wilma, hakuna iliyochanwa. Kulikuwa na kadi za rambirambi. Juu kabisa kulikuwa na vile vikaratasi viwili ambavyo Gene huacha mlangoni, na kwenye kimoja Orval alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi zake zilizosimama wima kama za kwenye jiwe la kaburi: *Muulize Rhonda.*

"Umeiona?" aliita kutoka ngazini.

"Bado, Mjomba."

Naibu wa sherifu alikuwa mtu mpole, alisoma na watoto wa dada yangu. Alikuwa amempa Orval muda zaidi ya alivyotakiwa. "Mzee," alisema, "kama kuna karatasi yoyote, risiti, chochote, nitasimamisha kazi sasa hivi na kumpigia simu jaji. Nakuahidi. Lakini lazima niione."

"Rhonda anaitafuta," alisema Orval. "Mpe dakika."

Nilipekua. Nilipekua kwa bidii, bahasha moja moja, nikizigeuza mbele na nyuma, na wale wabebaji wakasimama na kochi la Wilma hewani wakinisubiri. Mwishowe nilifunga kifuniko.

"Haimo, Mjomba."

Kisha akamgeukia naibu.

"Kama Rhonda anasema haimo, basi haimo," alisema. "Samahani kwa kukuchelewesha, kijana wangu."

Akashuka zile ngazi tatu, polepole, akishika reli ya ngazi mpaka ilipoisha. Akalichukua sanduku lake mikononi mwangu. Akanishukuru kwa kuacha kazi zangu siku ya Jumanne kuja kumsimamia. Mpwa wake alimpakia kwenye pikapu kwenda Louisville, ng'ambo ya mto, kwa dada wa marehemu Wilma, aliyekuwa na chumba cha ziada. Gari lilipopinda kona, nilikwenda kuchukua kitasa garini kwangu.

Nyumba ilivunjwa mwezi wa Mei. Nilikwenda kutia saini ya mwisho ya makabidhiano, na yule msimamizi wa greda, akiwa amekaa juu ya ngazi zilizopasuka anakula chakula chake cha mchana, akaniuliza kama najua R ni nani. Nilimwambia sijui. Kwa fungu langu nilinunua nyumba ya matofali mtaa wa juu, yenye vyumba vitatu na mlango mwekundu, na ndiyo ninayokaa mpaka leo. Kodi yake nalipa siku ya kwanza ya kila msimu, nasimama kwenye dirisha la malipo mpaka nipewe risiti.

Oktoba mwaka huohuo, Gene alibisha hodi. Nilimfungulia kwa sababu nilidhani ni kifurushi. Alikuwa na bahasha nyeupe na kadi ya kusaini, na alikuwa anatabasamu.

"Mzee Orval huyo," alisema. "Kutoka Louisville. Huko mjini wamemfundisha! Zamani alikuwa ananifukuza nazo, leo anazituma mwenyewe."

Nilitazama mwandiko bila kuipokea. Herufi zake zilikuwa zilezile, wima, zimekaa kwenye mstari. Jina langu lilikuwa limeandikwa lote, na ile R ya mwanzo, sijui kama ni mkono wake ulitetemeka au alifanya makusudi, ilikuwa imepinda mguu.

Inawezekana aliniandikia kuniomba nimsaidie kuwatafuta hao Redbud, kwa kuwa karatasi nazijua. Inawezekana pia kuna mtu wa Louisville, jirani au mchungaji, aliyemwambia kwamba majina ya wenye kampuni yako wazi pale makao makuu ya jimbo, na yeyote anaweza kuandika aulize. Majina yalikuwa mawili tu.

Gene alinipa kalamu. "Hapo chini, dada. Jina tu."

"Irudishe, Gene."

"Ah!" Alicheka, akatikisa kichwa. "Hata wewe? Nyie watu wa hapa hamponi."

Akaniachia kikaratasi mlangoni, kama inavyotakiwa. Posta yetu iko mitaa minne kutoka kwangu, njiani kwenda kazini. Siku kumi na tano nilipita pale kwenda na kurudi, nikijua imo ndani, kwenye kijishubaka nyuma ya kaunta. Siku ya kumi na sita niliingia, nikanunua stempu za ofisi, nikatoka.